Mama Pindo, Fundi Aliyegawana Dawa Yake

Wasifu huu unasomwa na dada yake mkubwa, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Waliotaka iandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi watuwie radhi. Hakuugua kwa muda mfupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1981, kitinda mimba wa mama muuza mitumba na baba dereva wa lori. Shule ya msingi alimaliza mwaka 1995. Darasani hakung'ara, ila mwaka ule wa mwisho mwalimu mkuu aligundua kwamba sketi za darasa zima zimepindwa na mkono mmoja, tena vizuri kuliko zilivyotoka dukani. Alimwita ofisini amchape, akaishia kumpa suruali yake aipunguze kiuno. Jina la Pindo lilianzia hapo, likamganda.

Alisomea ushonaji, kisha akafungua kibanda kilichopakana na cha kinyozi. Nywele za wateja zilikuwa zikipeperuka na kutua kwenye vitambaa vyeupe vya maharusi. Siku moja akaenda kumsema huyo kinyozi, akarudi anacheka peke yake. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2004, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2011, akiwa na mimba ya binti huyo, alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI. Alilia mpaka macho yakavimba, kisha akajifuta, akaanza dawa. Binti alizaliwa salama na mpaka leo ni mzima. Dada wa marehemu aliandikishwa kuwa msaidizi wake wa matibabu. Kila jioni dada anabipu kumkumbusha dawa. Marehemu akishameza, naye anabipu. Waliishi hivyo miaka mingi, na Pindo alinawiri.

Baadaye mumewe naye akaanza kukonda. Alikwenda kupimwa mji wa mbali, akajua. Lakini kliniki hakukanyaga.

"Benchi lile linatazama barabarani," alimwambia mkewe. "Wateja wakiniona pale, nani tena atanipa kichwa chake ninyoe?"

Marehemu alibembeleza, akagomba, akapiga magoti. Mwisho akamfungulia chupa yake. Leo anameza yeye, kesho anameza mumewe.

Vidonge vilipohesabiwa kliniki, hesabu haikuwa na kasoro, na wauguzi wakamsifu. Jioni nazo alibipu bila kukosa, hata zile ambazo kidonge kilishuka kwenye koo la mwenzake. Virusi vilipopanda, akaulizwa, "Mama, unameza kweli?" Akajibu, "Nameza." Wakambadilishia dawa. Nazo akazigawa.

Kifua kikuu kilimlaza wodini Februari 2023. Hapo ndipo alipomweleza dada yake ukweli.

"Sasa ulikuwa unanibipu nini?" dada alifoka.

"Ningekwambia ungekuja kumtukana. Naye angeacha kumeza."

Wapo watakaosema huo ndio upendo. Dada yake hasemi hivyo, na uchungu alionao hataki kuuficha. Upendo ungekuwa ni mwanamume kukaa kwenye benchi, watu wapite, wamtazame wachoke.

Kabla hajafa marehemu alisema, "Dada, siku yangu ikifika yasome yote, yeye akisikia. Nikizikwa na siri hii, hamtakawia kumzika na yeye." Alifariki mchana wa tarehe 3 Aprili 2023.

Ameacha mama mzazi, dada, binti wa miaka kumi na mmoja, na mume, aliyeketi hapo mbele akitazama viatu vyake.

Shemeji, chupa ya marehemu imekwisha, na hakuna wa kukugawia tena. Kesho asubuhi dada yake atakuwa kwenye benchi lile, amekuwekea nafasi. Hajakusamehe. Ila mtoto hawezi kuzika wawili. Na kesho jioni atakayebipiwa ni wewe.

Pindo wetu apumzike. Alichoka.