Mstari wa Njano Uliosogea Kulia

Ijumaa, tarehe 28 Machi. Asubuhi imeamka na ukungu mzito, na hadi saa mbili taa za uani zilikuwa bado zinawaka. Leo mkaguzi wetu mkuu wa mabasi anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina lake kamili, lakini hapa uani tunamwita Hebu Kwanza. Madereva ndio waliompa jina hilo, kwa sababu ndiyo maneno wanayoyasikia kila alfajiri wakiwa wameshakaa kwenye usukani, injini inanguruma, mguu uko kwenye klachi: "Hebu kwanza." Basi mtu anazima gari, anashuka, anangoja, na yeye ameshaingia chini ya basi na tochi yake. Dereva mmoja aliwahi kumlilia kwamba abiria wanamsubiri kituoni. "Waache wasubiri wakiwa hai," akajibiwa kutoka chini ya basi.

Aliajiriwa akiwa msaidizi wa fundi, kazi yake kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Baadaye akawa fundi wa breki, kisha mkaguzi, kisha mkaguzi mkuu. Yeye ndiye aliyeleta hapa utaratibu wa mstari wa njano. Kila nati ikishakazwa kwa kipimo chake, inachorwa mstari mmoja wa rangi unaoanzia juu ya nati na kuishia kwenye chuma inachokalia. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika vipande viwili, na mkaguzi anaona bila kushika spana. Mwanzoni mafundi walimcheka kwamba anayapaka mabasi wanja. Siku mstari huo ulipoonyesha gurudumu la nyuma limebakiwa na nati mbili tu zilizoshika, kicheko kiliisha.

Hakuna kitu alichokiamini kwa kukiangalia tu. Wakati fulani zililetwa pedi za breki ndani ya maboksi mapya, plastiki haijachanwa. Alizinusa, akazikwaruza kwa ukucha, na chini ya rangi ikatoka kutu. Mletaji aliumia sana. "Mama, yaani mimi huniamini?" Akamjibu kwa upole, "Wewe nakuamini, baba. Breki ndizo siziamini." Mzigo wote ulirudi ulikotoka.

Watu wengi hapa wanajua hayo. Wachache wanajua alichokuwa akikifanya nyumbani kwake tangu Januari, na kwa kuwa karakana imejaa uvumi, ni bora kisimuliwe hapa, kwenye maandishi haya ya kumuaga, kama kilivyotokea. Tarehe ninazozitaja zimetoka kwenye shajara yangu, na mwenyewe amezihakiki mara mbili. Mumewe amesoma na kukubali. Wifi yake naye amesoma, akataka sehemu yake irefushwe.

Hebu Kwanza na mumewe, ambaye ni fundi cherehani mwenye kibanda sokoni, wamejenga nyumba yao juu ya kilima. Nyumba ya kazini wanayokaa wanatakiwa kuiacha mwisho wa mwezi huu. Tatizo ni njia ya kupandia, ambayo ni udongo mtupu na imesimama kama ngazi. Mzee ana goti bovu na mwili wa kutosha, na kila jioni itambidi apande akitoka sokoni. Vijana wa bodaboda walimtazama wakacheka: "Mzee, wewe peke yako ni abiria wawili." Dada wa mzee, yaani wifi wa Hebu Kwanza, akasema wasihangaike, kwake kuna chumba. Hebu Kwanza anampenda wifi yake, lakini alitaka kuzeekea ndani ya kuta zake mwenyewe. Kibarazani kwao kulikuwa na pikipiki kuukuu ya injini ya silinda moja, haijawaka kwa miaka. Ikiweza kuwabeba wote wawili hadi juu, watahamia kwao. Isipoweza, ni chumba cha wifi.

Injini aliishusha na kuiweka juu ya meza ya kulia chakula. Silinda ilikuwa imelika, hivyo akaipeleka kupanuliwa ili iingie pistoni kubwa zaidi, maana alitaka nguvu zaidi ya ile iliyotoka nayo kiwandani. Kuinunua hiyo pistoni kulimchukua Jumamosi tatu. Alikuwa akiziweka mbili mbili kwenye mizani, akizipitisha chini ya lenzi, akimrudishia muuzaji. "Mama," muuzaji akamwuliza mwishowe, "unanunua pistoni au unaposa?" Valvu alizisaga kwa mkono hadi zikaziba bila kupitisha tone la petroli. Njia ya kuingizia hewa aliilainisha kwa msasa uliozungushiwa kwenye penseli. Gia ya nyuma ya cheni akafunga yenye meno mengi zaidi, ili pikipiki ipunguze mbio na kuongeza nguvu ya kupanda. Ringi za pistoni zililala ndani ya sufuria ya wali, na mzee akala mkate siku mbili.

Tarehe 16 Februari injini iliwaka. Mlio ulikuwa safi, na kiki ya kuwashia ilikuwa ngumu kiasi cha kumrudisha mtu mguu, ambayo ni dalili nzuri kwamba silinda haivujishi. Akakaza nati nne za juu kwa kipimo, akazichora mistari ya njano kama tunavyofanya hapa, akaifunika kwa shuka.

Jumapili iliyofuata alifunua shuka na kukuta mistari miwili imekatika.

Mtu mwingine angesema ni mtetemo. Yeye alijua kwamba injini iliyolala chini ya shuka haitetemeki, kwa hiyo kuna mkono ulioigusa. Alizilegeza nati zote, akazikaza upya kwa kipimo, akachora upya, akairudishia shuka. Jumapili iliyofuata mistari ilikuwa imekatika tena, mitatu safari hii. Siku ya Jumamosi yeye huwa zamu hapa kazini, na Jumamosi ndiyo siku ambayo wifi huja kumpikia kaka yake. Hesabu ikawa nyepesi. Nani atafurahi injini ikishindwa? Nani mwenye chumba kinachongoja watu?

Tuliofanya naye kazi wiki zile tuliliona jambo hilo usoni mwake. Alikuwa akilala akiwa amevaa viatu. Alimwaga unga kidogo kuzunguka meza ili apate nyayo, akapata za paka. Mwisho Jumamosi moja akawahi kutoka zamu, akamkuta wifi jikoni, akamshika mkono na kuunusa.

"Wifi, mkono wako una harufu ya oili."

"Una harufu ya vitunguu, wifi! Mimi hapa nakaanga tangu saa tano, wewe unaninusa kama nyama ya jana?"

"Nimeuliza tu."

"Hukuuliza, umenusa. Haya, kaa na injini yako."

Wifi akavua kanga ya kupikia, akaondoka na mwiko wake mkononi bila kuaga. Mzee alikuwepo, amekaa mlangoni na suruali ya mteja mapajani, anapinda upindo. Upindo ule, anasema mwenyewe, alikuja kuufumua wote.

Jumapili tarehe 9 Machi mambo yaliharibika kabisa. Alipoijaribu injini, kiki ilikuwa laini, inashuka bila kupinga, na ilipowaka kidogo ikaacha pembeni mwa silinda alama nyeusi ya moshi ulioponyoka. Nati moja ilizunguka tu bila kushika. Uzi wake, yaani mikato ya ndani inayoshika skrubu, ulikuwa umekatika kwenye chuma laini cha injini. Zilibaki wiki tatu kabla ya kuhama. Alikaa mbele ya ile nati muda mrefu, na ndipo alipoona kitu ambacho wiki zote hizo kilikuwa mbele ya macho yake. Mistari yote ilikuwa imesogea kulia.

Kwenye mabasi, miaka yote, mstari ukikatika huwa umesogea kushoto, kwa kuwa nati imelegea. Alikuwa amezoea kuangalia kama mstari umekatika, hakuwahi kuhitaji kuangalia umeelekea wapi. Na mtu anayetaka kuharibu hakazi nati. Huyu alikuwa anakaza.

Mezani jioni alimwuliza mumewe bila kupandisha sauti, umekaza kwa kutumia nini?

"Spana," mzee akasema. Kisha akaongeza, maana ameoa mkaguzi na anajua maswali yanayofuata, "na lile bomba la maji, ili niongeze urefu wa mkono."

"Bomba!"

"Mama, cherehani isipokazwa kila asubuhi inavunja sindano. Na juu ya kile kilima, anayekaa nyuma ni mimi."

"Na dada yako je? Umeniacha nimnuse kama mwizi."

Mzee akasogeza sahani yake. Alisema kila alipotaka kusema aliona ule uso wa ukaguzi, akadhani wanawake wawili watapatana wenyewe. Hebu Kwanza aliweka kichwa mezani, kati ya sahani na injini, na mpaka leo mzee hajui kama alikuwa analia au anacheka.

Kesho yake jioni walikwenda wote wawili kwa wifi, mzee akitangulia kwa sababu alilazimishwa. Wifi aliwaacha wasimame mlangoni kwanza. "Kweli nataka mkae kwangu," akasema. "Lakini kwa kubembeleza, si kwa spana. Spana hata siijui inashikwa upande gani." Kisha akamgeukia kaka yake na kumwambia mambo ambayo ameomba yasichapishwe. Waliingia ndani.

Ilibaki injini. Kwa kibali cha meneja, mkereza vyuma wetu alitengeneza bushi ya chuma yenye uzi mpya, ya kuchomeka pale palipokatika. Huyu ni mtu ambaye kazi zake Hebu Kwanza amezirudisha mara nyingi kupita za fundi mwingine yeyote, na siku ile alimkabidhi kipande hicho akiwa amekunja mikono, tayari kwa ugomvi. Hebu Kwanza aliipima bushi hiyo, akaigeuza, akaipima tena. "Sawa," akasema. Mkereza alizunguka karakana nzima akitangaza neno hilo. Sehemu ya juu ya silinda, iliyokuwa imepinda kidogo kwa kukazwa mno, Hebu Kwanza aliisugua mwenyewe juu ya kioo kinene chenye msasa mpaka ikalala sawasawa.

Jumapili tarehe 23 Machi tulisimama chini ya kilima, mkereza, wifi na mimi. Hebu Kwanza alishika usukani, mzee akakaa nyuma amefumba macho. Walipanda vizuri hadi kwenye kona ya katikati, na hapo injini ikashusha sauti, ikakohoa, ikawa kama inajiuliza. Wifi, ambaye chumba chake kilikuwa kimeshafagiliwa, alikuwa wa kwanza kupiga kelele: "Kaza, wifi! Kaza!" Hebu Kwanza akarudisha gia ya kwanza, sauti ikawa nene, moshi ukatoka mara moja, na wakapotea nyuma ya kona. Tulipofika juu kwa miguu, tunahema, tulimkuta mzee bado amekaa juu ya pikipiki. "Nimeambiwa nisishuke," akasema, "mpaka ukaguzi uishe."

Siku hiyo hiyo alimpa mumewe zawadi, spana ya kupimia mkazo, ile inayolia "tik" nati inapofika kipimo chake. Sasa mzee anakaza kila asubuhi kwa amani, na mkewe, akiwa bado kitandani, anasikiliza kama imelia.

Ndugu mkaguzi, kwa kila basi lililotoka hapa likarudi na watu wake wote, karakana inakushukuru. Wafanyakazi wenzako tunakuombea uzee mwepesi, afya yako na ya mzee, na kilima kikavu mwaka mzima. Kuhusu usiku wao wa kwanza katika nyumba mpya, waliyohamia juzi, mumewe ametoa taarifa ambayo hatukuweza kuihakiki: mkewe alivua viatu, hakuuliza nani amefunga mlango, na saa tatu na robo alikuwa amelala.