Babu Zetu Hawakuugua Sukari

Alasiri mvua ikishakatika, benchi letu nje ya duka la kinyozi huwa kama limesinzia. Mvuke wa birika la kahawa unapanda, mvuke wa pasi ya dobi unaufuata, nasi tunasema mambo ambayo asubuhi tungeyaonea haya. Siku hiyo fundi cherehani wetu, Sentimita, alitoka hospitali na pakiti ya vidonge. Kaambiwa ana kisukari, ameze kila siku. Akaiweka pakiti benchini, akasogea mbali nayo. Niliingiwa na hofu, maana Sentimita akikataa jambo, kakataa.

— Babu zetu walikula mafuta mpaka wakalamba sufuria, alisema. Nani aliugua sukari?

— Hakuna! akadakia Wembe, kinyozi. Maradhi yameletwa na vipimo. Si wewe mwenyewe? Mteja anajiona mwembamba mpaka umzungushie utepe.

— Halafu kitambaa kinasinyaa, mnasema mtu kanenepa! alisema Sentimita. Hii suruali nimeifumua kiunoni mara ngapi?

— Mwache sukari akae, Wembe akasema. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Dobi, tunayemwita Pasi, alikuwa kafumba macho.

— Ubaya ni jokofu. Chakula kikilala baridini, kinaota. Wewe unakula ndoto zake, damu inakosa usingizi.

Tukalitafakari hilo. Mimi, Mungu anisamehe, nililiamini kabisa.

Ndipo akaja binti yake Sentimita, mja mzito wa kujifungua wakati wowote, kumfuata baba yake. Akaiona pakiti haijafunguliwa.

— Baba, hujameza?

— Simezi. Babu yangu hakumeza.

— Alikuwaje, huyo babu yako?

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua tu.

— Sikumkuta, alisema Sentimita.

Akamtazama Wembe. Wembe akatikisa kichwa: wake alikufa kwa homa, kijana mbichi. Pasi naye alimjua wake kwa jina tu. Nikatafuta sura ya babu yangu kichwani, nikakuta mvuke mtupu. Moyo uliniuma.

— Kumbe, Wembe akasema polepole, hawakufika huku kwenye sukari.

Sentimita alilitazama tumbo la binti yake kwa muda mrefu.

— Mwanangu, akasema, hebu niombee maji humo ndani.