Lavern Hruska na Kipira cha Sita

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, saa kumi alasiri, Lavern Hruska anazima greda namba saba kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na saba na wiki sita katika Idara ya Barabara ya Kaunti ya Sorrel. Hizo wiki sita amezihesabu mwenyewe, kisha akamtuma mtu aje kuniambia nisizisahau. Basi Lavern, sijazisahau.

Ninayeandika haya ya kumuaga ni Janelle Ostrander, wa redio na simu pale ofisi ya mbele. Nimepewa kazi hii kwa sababu mbili: najua kuchapa, na kwa miaka kumi na minne sauti ya Lavern ndiyo sauti ya kwanza ninayoisikia asubuhi, hata kabla ya sauti ya mume wangu. Kuna sababu ya tatu, ila hiyo niliiomba mwenyewe. Nitaifikia. Nipeni muda.

Lavern aliajiriwa Jumatatu, tarehe 20 Aprili 1987, akiwa na miaka ishirini na minane, kushika koleo nyuma ya lori la changarawe. Mwaka wa pili akapandishwa kwenye greda, na tangu hapo hashuki ila kula na kulala. Barabara zake ni maili mia na ishirini za changarawe upande wa kaskazini, na anazijua moja moja kama mtu anavyowajua watoto wake, pamoja na wale wakaidi. Ukipishana naye atakuinulia kidole kimoja bila kuachia usukani. Kimoja tu. Viwili anavitunza kwa ajili ya misiba.

Mwaka 2012 ndege mmoja alitaga mayai manne katikati ya barabara, karibu na shamba la kina Novotny. Lavern akapazunguka pale kwa wiki tatu, akaacha kichuguu cha changarawe katikati ya barabara iliyonyooka kama rula. Mkulima mmoja akanipigia simu anafoka, “Huyo mtu wenu siku hizi anakunywa? Barabara safi, katikati ana kichuguu!” Nikamuuliza Lavern kwenye redio. Akajibu, “Mwambie hicho si kichuguu, ni wodi ya wazazi. Apite kimyakimya.”

Na tusimtanie hadi tukasahau. Katika theluji ya Machi 2019, yeye ndiye aliyetangulia mbele ya gari la wagonjwa kwa maili kumi na tisa, huku haoni mbele hata pua ya greda yake. Mgonjwa aliyekuwa ndani ya gari lile alikuwa mama yangu mzazi. Mama yupo, ana miaka themanini na mitatu, na amesema nimwandikie Lavern kwamba bado anamwombea, na kwamba anyoe zile ndevu.

Haya. Najua hakuna anayesoma kwa ajili ya greda. Mnangoja pikapu.

Pikapu ya Lavern ni ya mwaka 1984, rangi ya haradali, na kabla ya kuwa yake ilikuwa ya baba yake, mzee Alois. Mzee aliinunua ikiwa mpya, akaitengeneza mwenyewe maisha yake yote kwa kufuata kitabu kimoja cha ufundi, na alipofariki alimwachia Lavern vyote viwili, gari na kitabu. Kitabu kimejaa maandishi ya penseli ya mzee pembeni. Kwa Lavern, hicho ni kama Biblia, ila kina mafuta zaidi.

Januari 2015 giaboksi yake, ya otomatiki, ilianza kuteleza. Injini inanguruma, gari limesimama linatafakari. Dwight Pohlman, fundi mkuu wa gereji yetu, akamwambia kwa wema kabisa, “Ilete Jumamosi, mzee, tuishushe pamoja.”

“Baba hakuwahi kuipeleka kwa fundi,” Lavern akasema. “Nianze mimi?”

“Kinyozi hajinyoi, bwana.”

“Mimi nitajinyoa.”

Na akajinyoa kweli, jikoni kwa mkewe. Maana banda lake lilikuwa na baridi ya kugandisha spana mkononi. Akaishusha giaboksi kwa jeki, akailaza juu ya kile kigari cha plastiki ambacho watoto huteleza nacho kwenye theluji, akaikokota uani kama ndama aliyezirai, akaipandisha mezani. Bernadine, mkewe, alikula chakula akiwa amesimama kwa wiki sita. Klachi pleti zilioshwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Vidude vidogo Lavern alivipanga kwa utaratibu wake wa kufungulia kwenye trei ya Bernadine ya kuokea, ile yenye vishimo kumi na viwili, ili asije akachanganya. Mtu makini sana, Lavern. Hilo halina ubishi.

Jumamosi moja ya Februari aliialika mitaa yote kushuhudia. Dwight alikuwepo, mimi nilikuwepo. Pikapu ikaondoka laini kama siagi kwenye kikaango. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata hujui imebadilika saa ngapi. Tukapiga makofi. Akazunguka, akarudi, akasimama, akaweka gia ya kurudi nyuma. Injini ikanguruma. Gari likakaa. Akaweka tena. Likakaa. Lavern akashuka, akalizunguka mara moja, akalitazama usoni, akasema, “Kwani nani anataka kurudi nyuma?”

Kwa hiyo imekuwa hivyo kwa miaka tisa: mbele tu. Ndiyo maana nafasi ya mwisho pale uwanjani kwetu imeachwa wazi mbele na nyuma bila kibao chochote, na wageni wakiegesha hapo tunawafukuza. Ndiyo maana kanisani Lavern hutoka wa mwisho. Si kwamba anaomba sana, anangoja magari ya mbele yaondoke. Na wale waliokuwepo siku alipoingia kwenye mashine ya kuoshea magari, mlango wa kutokea ukakwama, mnakumbuka. Tulikwenda wanne kumsukuma kurudi nyuma, tumelowa povu hadi kwenye soksi, naye amekaa kwenye usukani, kioo kimeshushwa, anatuambia, “Vizuri, vizuri, msilegee.”

Tumecheka sana. Bernadine ndiye hakucheka sana, na mnajua kwa nini. Bernadine ana miaka sitini na mitatu na hajawahi kuiona bahari. Dada yake, Rosalind, anaishi Oregon kwenye nyumba ambayo, kwa maelezo yake, mawimbi yanasikika hadi bafuni. Kiangazi cha 2014 Lavern alimnunulia mkewe trela dogo la kulala ili walikokote hadi huko. Lakini trela hulifungi bila kulirudishia gari nyuma, na pikapu hairudi nyuma, na kwenda kwa gari lingine Lavern hataki. Baba yake aliota kuipeleka ile pikapu baharini na hakuwahi. “Gia ikishika tu, mke wangu, tunaondoka.” Viangazi tisa. Trela limekaa nyuma ya ghala, kuku wanataga humo. Bernadine zamani alikuwa anauliza. Halafu akaacha kuuliza.

Aprili mwaka huu Lavern alibandika karatasi kwenye ubao wetu wa matangazo. “Inauzwa. Pikapu ya 1984. Inakwenda mbele. Mwone Lavern.” Hakututania, na sisi, ajabu, hatukumtania. Alikuwa ameamua kuuza gari la baba yake ili anunue lolote linalorudi nyuma, ampeleke mkewe. Alisimama mbele ya tangazo lake mwenyewe kwa muda mrefu, akafuta pua kwa glavu, akaenda kazini.

Sasa ile sababu ya tatu.

Wiki mbili zilizopita nilimkalisha Lavern ofisini anisimulie habari za giaboksi ili niziandike hapa. Akanieleza kwamba ndani yake kuna bamba lenye njia za mafuta, zimejipinda kama mapito ya mchwa, na ndani ya njia hizo kuna vipira vya chuma, kila kimoja kama punje ya njegere, vinaziba hapa na kufungua pale. Unavipaka vaselini visidondoke wakati wa kufunga. “Vitano,” akasema. “Kitabu cha baba kinasema vitano, nikaweka vitano.”

“Na kabla ya hapo vilikuwa wapi?” nikauliza.

“Kwenye trei ya Bernadine, si nimekwambia?”

Nikaitazama droo ya meza yangu.

Maana Februari ile ile, siku mbili kabla ya pikapu kuzinduliwa, tulikuwa na chakula cha pamoja hapa ofisini. Kila mtu na bakuli lake. Bernadine alileta mchuzi wa maharage na nyama, na pembeni mikate ya mdalasini, kumi na miwili, moto, inanata sukari. Nikang'ata wangu. Kitu kikalia *ka*, na kipande cha jino langu la nyuma kikaenda zake. Mngefanya nini? Bernadine amesimama mbele yangu na aproni yake ya maua, ananitazama mdomoni, anauliza, “Imekubali?” Watu wa kwetu wakikuta jiwe kwenye chakula cha jirani, humeza na kuomba kingine. Nikasema, “Tamu mno, dada.” Nikajifuta na leso, nikaifunga leso, nikaitia kwenye droo yangu pamoja na penseli zilizokwisha. Daktari wa meno nilimwambia ilikuwa barafu. Nikasahau.

Nilipoifungua ile leso mbele ya Dwight, alikitazama kipira cha chuma kilichokuwa kimesahaulika kwenye trei na kuokwa ndani ya mkate wangu, akaenda kwenye kompyuta, akatafuta. Kitabu cha mzee Alois ni cha magari ya mwaka 1981, wakati huo vipira vilikuwa vitano. Giaboksi ya 1984 ina vipira sita. Dwight alicheka hadi akakaa juu ya tairi.

“Miaka tisa, Janelle.”

“Najua.”

“Kazi ya saa mbili! Giaboksi hata haishuki. Unafungua sinia la mafuta chini, unashusha bamba, unakitia, unafunga.”

“Dwight, najua. Usinitoneshe kidonda.”

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wangu ulibidi niupeleke kwa mwenyewe. Nilikwenda kwa Bernadine Jumapili, Lavern akiwa anavua samaki, nikamweleza yote mezani pale pale. Nilitegemea anifukuze. Alikaa, akakunja taulo, akalikunjua, akauliza, “Kwa hiyo mikate yangu haikuwa mibaya?”

“Mibaya vipi?”

“Nilikuona ukitema kwenye leso. Nikajua imekushinda, unanionea haya tu.”

Jamani. Mnakumbuka tulivyokuwa tunaulizana kwa nini Bernadine aliacha kuleta mikate ya mdalasini, miaka tisa analeta kachumbari ya kabichi? Ni mimi. Nililia jikoni kwake kama mtoto, naye akaniambia ninyamaze, nitalowesha unga. Maana alikuwa ameshautoa kabatini.

Lavern, nakuomba radhi hapa mbele ya idara nzima, kwa maandishi, pamoja na muhuri wa kaunti. Nilikuonea haya, nikamwonea haya mkeo, na adabu yangu ikawakalisha nyumbani viangazi tisa. Tangazo lako nimelibandua mimi siku ile ile, na watu wawili waliokuja kuiulizia pikapu niliwaambia imeuzwa. Kwa hilo siombi radhi.

Sasa nyanyua macho kwenye karatasi hii, Lavern, utazame meza iliyo mbele yako. Trei ile unaijua. Vishimo kumi na kimoja vina mikate ya mdalasini. Cha kumi na mbili kina kipira chako, nimekisugua hadi kinang'aa.

Ukimaliza kula nenda gereji. Asubuhi ulituuliza pikapu yako iko wapi, tukajifanya hatujui. Dwight aliiingiza ndani kwa funguo alizopewa na Bernadine, akaisogeza hadi pua ikagusa ukuta. Spana zimepangwa juu ya kitambaa safi, mafuta mapya yapo, vaselini ipo, na kitabu cha mzee Alois kipo, ukurasa uko wazi na penseli pembeni, ili uandike sita. Hakuna aliyegusa hata boliti moja. Tunajua hilo ni gari la nani, na tunajua mwenyewe hunyolewi.

Nyuma ya pikapu, hatua sita, tumeegesha trela. Kuku tumewahamisha. Sanduku la Bernadine limo ndani, na yeye mwenyewe amesema hatatoka humo hadi asikie mlio wa trela likifungwa. Chakula kipo kingi, kahawa ipo, na sisi hatuna haraka, tutakaa nje tukusubiri.

Asante kwa barabara zote, kwa theluji zote, kwa mama yangu, na kwa ndege wanne wa shamba la Novotny. Uwe na afya, uwe na amani, na huko uendako upate wa kuwainulia kidole. Maisha mema, Lavern. Rudi nyuma hatua sita, kisha uende mbele mpaka maji yakuzuie.