Maji ya Mvua ya Bi. Edinah Nyarangi

Bi. Edinah Nyarangi anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia kituo chetu cha mafunzo ya samaki hapa Homa Bay kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Mhariri wa jarida la kituo ameniomba sifa zake. Ninazo, ila mimi Obare nina pia la kuungama.

Alitoka Ntimaru, binti wa wafugaji ambaye hakuwa amewahi kushika samaki mzima. Wenzake walimtania kwamba angewafunga samaki kamba awapeleke malishoni. Alicheka nao, akafagia maabara, akasomea cheti, na mwaka 2014 akawa msimamizi wa sehemu mpya ya samaki wa bahari, ambao maji yao tunayatengeneza wenyewe kwa kuchanganya chumvi maalumu na maji ya mvua. Samaki mmoja wa buluu alimpa jina la Mkaguzi, kwa kuwa alipita kila mahali akitazama na hakufanya kazi yoyote.

Agosti 2019 Mkaguzi alitokwa na vidoa vyeupe, akawa anajikuna kwenye mawe. Vidoa hivyo ni vimelea, na mwaka uliotangulia vilikuwa vimetuulia tangi zima. Wakuu walikuwa wameshatuandikia: samaki wakifa tena, sehemu inafungwa na sisi watatu tuliofanya kazi humo tutafute kazi kwingine. Bi. Edinah alikuwa Migori kwa semina ya siku mbili. Mimi nilikuwa nimehamia hapa kutoka mabwawa ya ngege, samaki wa maji yasiyo na chumvi, kule Suna, ambako samaki akiugua huogeshwa maji ya chumvi akapona. Basi nikaongeza chumvi, kopo baada ya kopo, nikajiona daktari.

Aliporudi aliwakuta samaki kumi na mmoja wakitweta juu ya maji.

"Obare, umeweka nini kwa hii maji?"

"Chumvi, Madam. Huko Suna ndiyo dawa."

"Hawa wamezaliwa kwa chumvi. Hao wadudu pia. Lete maji ya mvua, na usimwage haraka."

Wawili walikufa mikononi mwangu kabla ya chakula cha mchana. Tisa tuliwahamishia tangi la pembeni, tukaipunguza chumvi kidogo kidogo kwa siku mbili hadi ikabaki theluthi. Samaki wa bahari huvumilia hali hiyo, vimelea haviwezi. Lakini ukiharakisha, unamuua samaki mwenyewe. Kila saa alipima, akaandika, akapima tena. Siku ya nne vidoa vilipukutika, naye akatukataza kushangilia, maana vimelea huanguka chini, vikazaana na kurudi. Tulingoja wiki sita, tangi kubwa likiwa halina samaki hata mmoja, ili vimelea vilivyobaki humo vife kwa kukosa wa kumshambulia. Wote tisa walipona.

Ripoti ilipotakiwa nilijua kazi yangu imekwisha. Bi. Edinah aliandika: "Kosa ni la msimamizi, hakuacha maelekezo." Kwa kuwa tisa walipona sehemu haikufungwa, ila barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake, na cheo alichokuwa akikingoja akapewa mwingine. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo. Nami kwa aibu nimekaa kimya miaka yote hii.

Jana asubuhi Mkaguzi alijikuna tena kwenye jiwe. Nilimkimbilia Bi. Edinah, nikamkuta akifunga vikombe vyake kwenye katoni. Alinikabidhi kipimo chake cha chumvi, akasema, "Msimamizi sasa ni wewe," akaendelea na vikombe. Tumeshawahamisha samaki wote na tunapunguza chumvi, na ninaandika haya kati ya kipimo na kipimo. Scovia, mfanyakazi wetu mpya, ameuliza mara mbili kama aongeze chumvi. Nimemwandikia maelekezo, nikayabandika ukutani.

Bi. Edinah, asante. Nenda salama kwa ng'ombe wako Ntimaru, upate afya na miaka mingi ya kupumzika. Nakala ya ukurasa huu nimeipeleka ofisini, iwekwe kwenye faili lako, juu ya ile barua.