Wiki Sita Bila Kugusa Birika

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Ainsworth Mkuu wa Idara, wafanyakazi wenzangu wa maabara ya udongo, wageni waalikwa, na wewe Bibi Doreen Hebblethwaite, ambaye tumekuleta hapa kukuaga na bado naona unalitupia jicho birika pale mezani: habari za mchana.

Nimeambiwa nina dakika tano. Kumpa Mhaya dakika tano ni uonevu, lakini nitajitahidi.

Nilifika hapa Yorkshire kusoma, kutoka Bukoba, miaka ishirini na miwili iliyopita, mwezi wa Oktoba, nikiwa na koti la kuazima. Siku ya kwanza nilimkanyaga mzee mmoja mlangoni, kosa langu kabisa, na aliyeomba radhi ni yeye. Siku ya pili Doreen, mama mtu mzima mwenye funguo zote za maabara, akaniita "mpenzi" mbele za watu. Nikaanza kumkwepa! Mpaka nilipomsikia akimwita hivyo hivyo dereva wa basi na fundi bomba, ndipo roho ikatulia.

Lakini kilichonimaliza ni chai. Saa nne kamili mtu mmoja alinyanyuka, akachemsha maji, akatuletea wote, kila mmoja na kikombe chake. Kesho yake akanyanyuka mwingine. Nikasema moyoni, ama hawa watu ni wakarimu! Kwetu mgeni akishika birika, mwenye nyumba ameaibika. Basi nikatulia kitini kama bwana harusi, nikahudumiwa wiki sita.

Mnacheka? Colin, wewe usicheke. Huyu Colin, mwenzangu wa maabara, alikuwa akisimama karibu yangu na kuvuta pumzi kwa nguvu: "Baridi hii jamani, mtu angepata kikombe cha chai..." Nami namjibu kwa moyo mweupe: "Umenena, Colin. Changu sukari vijiko vitatu."

Je, kuna aliyeniambia? Thubutu! Hawa wangekufa kwa kiu, wakazikwa kwa heshima zote, kuliko kumwambia mtu kwamba leo ni zamu yake. Walichofanya ni kupunguza maneno. Na hapa watu wakiacha kuzungumza nawe habari za mvua, jua umekwisha. Nikawa nakula peke yangu, nikaamini hawanitaki kwa sababu ya nilikotoka. Niliumia, sitaficha. Wiki ya sita nikaandika barua ya kuacha masomo, nikafunga sanduku, nikampelekea Doreen ufunguo.

"Unakwenda wapi, mpenzi?"

"Nyumbani. Hapa watu hawanipendi."

Akanitazama, akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Samahani," akasema. "Samahani sana. Yaani, samahani, sijui nisemeje. Mpenzi, hujapika chai hata siku moja!" Aliomba radhi mara saba, nilihesabu, utadhani kanivua nguo hadharani.

Nilicheka mpaka nikalia. Kesho yake nikaja na sufuria, nikapika ile ya kwetu: maziwa, tangawizi, sukari bila huruma. Colin akanywa, macho yakamtoka, akasema, "Ni... ni tofauti kweli." Halafu akaniambia kwamba jioni mvua itanyesha. Barua nikaichana.

Ndugu wageni waalikwa, wenye ujuzi wa kunifundisha udongo walikuwa wengi. Mwenye ujasiri wa kunisema usoni alikuwa mmoja tu, na mnaona hata leo anavyoinamisha kichwa nikimtaja. Bila yeye ningeondoka nikiwachukia bure maisha yangu yote, kwa ajili ya kikombe cha chai.

Doreen, miaka thelathini na mmoja umetuchemshia maji, hata siku zisizo zako. Leo kaa. Nimesema kaa chini! Leo mgeni ni wewe, na ukishika birika utaniaibisha mimi. Chai naileta mwenyewe, ya tangawizi, na Colin atakunywa vikombe viwili.

Na kwa kuwa uliniambia ukweli usoni, nami nakuambia wangu mbele ya watu wote hawa, ingawa hapa mambo hayo hayasemwi: nakupenda kama mama yangu mzazi, na Jumatatu nikiingia maabara nisikuone, nitalia.

Mheshimiwa Makamu Mkuu, ndugu zangu wote, asanteni kwa kunivumilia. Na wewe Doreen, samahani. Samahani sana. Zako zilikuwa saba; zangu zimebaki tano.