Vifungo vya Ardis

Mei 14. Kwako, Loretta Pruitt.

Mheshimiwa Mkurugenzi Bi. Lindahl, Mchungaji wetu, wauguzi, wazee wa humu ndani, na ninyi ndugu wa familia mliokuja na sahani zenu za keki: habari za mchana.

Niliombwa nimuage Loretta, anayestaafu leo, kwa niaba ya familia. Kwa miaka ishirini na sita, katika nyumba hii ya kutunzia wazee, amewaogesha na kuwalisha wapendwa wetu waliopotewa na kumbukumbu. Ndiye aliyegundua kwamba mke wangu, Ardis, hamezi dawa mpaka aimbiwe. Mimi, mumewe wa miaka hamsini na miwili, sikulijua hilo.

Sasa niseme linalonikaba.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, kampuni ya bima iliyokuwa ikimlipia Ardis ilimtuma mkaguzi aone kama bado anahitaji kutunzwa hapa. Siku moja kabla, Loretta alinivuta pembeni.

"Mzee Orrin, kesho usimpambe. Mwache mkaguzi amkute alivyo."

"Mke wangu hapokei mgeni na nguo ya kulalia."

"Huyo si mgeni, Mzee. Hayo ni macho ya bima."

"Sisi kina Tollefson hatulalamiki mbele ya watu."

"Haya. Adabu zenu zitawaponza."

Sisi watu wa Minnesota mnatujua: mtu kavunjika mguu, ukimuuliza hali, atakwambia si mbaya sana. Basi nikamvalisha Ardis gauni la buluu la Jumapili, nikamfunga vifungo vyote kumi na kimoja, nikampaka rangi ya midomo. Mkaguzi akauliza kama anavaa mwenyewe. "Bila shida," nikajibu mimi. Ardis, aliyewamiminia watu kahawa kanisani maisha yake yote, akatabasamu: "Nikuongezee kahawa, mwanangu?" Aliuliza mara nne. Hapakuwa na kahawa mezani. Mkaguzi akacheka huku akiandika: "Mama, una ukarimu wewe!" Nami nikacheka.

Barua ikaja: anajiweza, arudi nyumbani. Siku ya kumi na moja nyumbani, mchana, nikiwa nimesinzia kitini, alitoka na ndara kwenye theluji, akaanguka, akavunjika nyonga. Aprili tukamzika.

Tangu hapo, kwa kinyozi, kanisani, kokote, nimesema bima ilimfukuza mke wangu. Bima ina lake la kujibu. Nusu saa aliyokaa mkaguzi haitoshi kumjua mtu. Lakini ni nani aliyevifunga vile vifungo?

Na lililo baya zaidi, Loretta. Wewe uliandika ukweli: havai bila msaada, hawezi kula bila kulishwa. Maandishi yako yakapingana na ya mkaguzi, ukaitwa ofisini, ukaambiwa umetia chumvi, ukapewa onyo la maandishi. Nilikuwa nimekaa nje ya mlango ule, koti la Ardis mapajani. Nilisikia kila neno. Sikuinuka.

Leo nimeinuka. Bi. Lindahl, naomba lile onyo litolewe kwenye faili lake kabla hajaondoka. Nitatia sahihi popote utakaponionyesha. Nanyi mnaomngojea mkaguzi, nawasihi, msiwapambe watu wenu.

Loretta, asante. Wewe ulimpenda alivyokuwa; mimi nilimwonea aibu.

Asanteni nyote kwa kunivumilia. Mkimkumbuka Ardis, mkumbukeni vifungo vyake vikiwa vimepishana, kama alipojaribu kuvifunga mwenyewe. Na mimi nikumbukeni nikiwa kando yake, nimeviacha hivyo hivyo.