Mwanangu Alipopaza Sauti Uwanjani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliotoka zamuni moja kwa moja mkaja na sare za kazi, Bwana asifiwe kwenu mara mbili! Mchungaji ameniwekea kiti, nimekikataa. Neno nililo nalo leo haliketi.

Wengi mnanijua: Mama Elia wa Morogoro, mfanyakazi wa nyumbani hapa Dubai, mtaa wa Mirdif. Mume wangu alilala mwaka 2005. Nilirudi darasani nikiwa mtu mzima, nikafaulu mtihani wa kidato cha nne mwaka 2009, na cheti changu ninacho. Elia nilimlea peke yangu. Nilimfundisha kwamba mkubwa akinena, mdogo hunyamaza. Mkubwa hutangulia sahanini, hutangulia mlangoni. Mtaa mzima ulinisifia mtoto yule. Nilijivunia, na hata leo najivunia!

Shuleni kwake alifika mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, akawafundisha besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Kwa kuwa Elia ana mbio, alisimamishwa nyuma kabisa, mahali ambapo mchezaji hungoja mpira uliopigwa juu, akaukimbilia na kuudaka kabla haujagusa ardhi. Ndugu zangu, nilidhani ni mchezo wa kupita tu. Mwaka 2014 aliponifuata hapa Dubai kwa mkataba wa kusafisha vioo vya majengo, glavu yake ya kudakia ndiyo iliyotangulia kuingia katika sanduku. Alipanga kitanda katika chumba cha watu wengi, mtaa wa Discovery Gardens, na kila Ijumaa baada ya ibada alicheza na timu ya wageni. Nahodha wao alikuwa Bwana Rene, Mfilipino, fundi umeme, mtu wa makamo.

Ndipo ikaja habari kwamba klabu ya wachezaji wa kulipwa, kutoka nchi ya mbali, ingefika hapa kuwajaribu vijana. Tangu siku hiyo sikutulia! Nilipiga pasi shati moja mara tatu. Madam, mwajiri wangu, akanicheka: "Mama Elia, khalas, yatosha! Hilo shati limekukosea nini?"

Jaribio lilifanyika Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 2016, timu nzima ikicheza, wakubwa kwa vijana. Mpira ulipigwa juu, ukaelekea katikati ya Elia na Bwana Rene. Ndugu zangu, sheria ya mchezo ule ni hii: anayeutaka mpira hupaza sauti kwamba ni wake, na mwenzake humpisha, awe mkubwa au mdogo. Elia aliufikia kwa macho na kwa miguu. Kinywa chake hakikufunguka. Bwana Rene, kwa kutosikia sauti, alidhani kijana amemwachia. Wakagongana vifua kwa mbio zao zote, na mwanangu akavunjika mfupa wa juu ya bega.

Nilimkuta kliniki, mtaa wa Oud Metha, mkono umefungwa.

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Mama, yule ni mtu mzima. Ningemfokeaje mtu wa umri wa baba?"

Nikamfungia vifungo vya shati, kimoja kimoja.

Kocha wa klabu ile alitoa hukumu fupi: "Mbio anazo, sauti hana. Tutarudi Machi. Akiwa bado bubu, asijisumbue." Na kampuni ya vioo iliyomwajiri Elia, ikiona hawezi kupanda majengo, ikamwambia kwamba mwisho wa Machi kibali chake cha kuishi hapa kitafutwa na atarudishwa nyumbani. Mlango uliobaki ukawa mmoja tu: klabu ile.

Ndugu zangu, miezi ile nilikuwa kama niliyekalia makaa! Nilifagia palipofagiwa. Niliosha vyombo visafi. Niliomba, naam, lakini mnajua nilivyokuwa nikiomba: midomo ikicheza, sauti haitoki, kwa kuwa niliona kumpigia Mungu kelele si adabu. Mpaka Ijumaa moja ya Januari, katika chumba hikihiki, Mama Wanjiru akanigeukia mbele ya watu wote. Yule pale, anacheka!

"Aki Mama Elia, unaomba ni kama unamwambia Mungu umbea wa jirani! Hebu toa sauti!"

Nilikasirika. Nikasimama nimwoneshe. Kilichotoka kinywani mwangu sikukipanga: "Bwana, mtoto huyu ni wangu! Sikuachii jambo hili nikae kimya! Ni wangu!" Nililia kwa sauti ambayo sikuitoa hata siku ya msiba wa mume wangu. Nilipofumbua macho, Elia alikuwa amesimama upande wa wanaume, mkono kifuani, akinitazama kama aliyemwona mama mwingine.

Bwana aliuunga mfupa ule! Ijumaa, tarehe 3 Machi 2017, madam aliniambia, "Yalla, nenda, lakini urudi unisimulie." Uwanjani sikuweza kukaa. Nilizunguka uzio na mkoba wangu, huku na huku, hadi mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Mpira ukapigwa juu, ukapotelea katika jua. Elia akakimbia. Kutoka upande wa pili akaja Bwana Rene yuleyule! Nikashika waya za uzio. Ndipo nikasikia, kwa Kiswahili, katika uwanja ambamo hakuna aliyekijua ila mimi na yeye: "Wangu! Wangu! Wangu!"

Bwana Rene alisimama kama aliyeitwa kwa jina lake. Mwanangu akaudaka.

Haleluya! Na mnajua alifanya nini baada ya hapo? Alimwendea Bwana Rene, akamwinamia, kama nilivyomfundisha. Yule mzee akamvua kofia, akampiga nayo kichwani, wakacheka wote wawili. Klabu ilimchukua wiki ileile.

Ndugu zangu, heshima niliyomlea nayo siifuti. Lakini Bwana alimfungua mwanangu kinywa, na kabla ya hapo alinifungua mimi. Wewe uliyekaa hapo na jambo kooni, ukidhani kunyamaza ndiyo adabu mbele za Mungu, simama ulidai kwa sauti. Yeye haudhiki!

Namshukuru Yeye, nawashukuru ninyi. Msiniambie niketi. Saa hii Elia yuko uwanjani, kule nyuma kabisa, anangoja mpira. Simameni tumwombee, na Mama Wanjiru atusikie!